Usiiweke sahani ya mtoto kizimbani: kwa wapya wa somo la lishe

Juzi niliketi nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, nikamtazama mwelimishaji mpya akiwasimamisha watoto mmoja mmoja na kuwauliza walikula nini jana usiku, huku akiyaandika majibu ubaoni. Alikuwa na sauti nzuri, bango safi na furaha ya mtu aliyetoka mafunzoni wiki hiyo hiyo, nami nilijizuia kwa shida nisimpokonye chaki. Kwa kuwa kila kundi jipya la VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) na la walimu wa afya huja na swali hilo hilo, wadogo zangu, nimeona niyaandike haya ili nisiwe ninayarudia chini ya mwembe kila muhula.

1. Usimwulize mtoto mbele ya wenzake alikula nini.

Nilipoanza kazi hii nilichora jedwali kubwa kwenye karatasi ya manila: majina ya watoto upande mmoja, na upande wa pili safu tatu mnazozijua, yaani vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Kila Jumatatu mtoto alitaja alichokula, nami nikambandikia alama ya kijani kwa kila safu aliyoigusa na nyekundu kwa ile aliyoikosa. Siku ya kwanza msichana mmoja alisimama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikunywa chai ya rangi, nikalala." Darasa likacheka. Mimi, badala ya kulinyamazisha darasa, nilimweleza kwamba chai si chakula, nikabandika nyekundu tatu kwenye mstari wake.

Jumatatu iliyofuata yule msichana alikuwa amekula samaki, mayai na papai. Jirani yake alikuwa amekula kuku. Kabla muhula haujafika katikati, darasa zima lilikuwa likila kama wageni wa harusi, nami nikaandika ripoti kwamba tabia ya ulaji imebadilika, ripoti ambayo wakubwa waliisifu na ambayo niliisoma kikaoni kwa fahari. Kisha tukapita nyumba kwa nyumba na kanda za MUAC, zile za kupima mzunguko wa mkono wa mtoto, na mkono wa mdogo wake yule msichana, mtoto wa miaka miwili, ukasoma sentimita 12, yaani njano, rangi ya utapiamlo wa wastani. Mama yao, ambaye nilikuwa nimejiandaa kumpa somo refu, aliniambia bila hasira, "Mwalimu, binti yangu ameniomba nisikwambie tunachokula." Niliandika rufaa ya kumpeleka mtoto kituo cha afya, nikaifunga rejista, nikaondoka bila kutoa somo lolote. Jioni ile nililichana jedwali, ingawa ripoti yangu ilikuwa imekwisha kwenda na haikurudi.

Tafakarini hasara yake. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Mtoto aliyedumaa huonekana tu kama mtoto mwenye umri mdogo zaidi, na upungufu wa damu hauonekani ukiwa umesimama ubaoni, kwa hiyo neno la kweli kutoka kwa mtoto ni la thamani kuliko alama zote za kijani. Nasi tulikuwa tumewafunza watoto kuficha njaa, katika makazi ambayo mgao wake wa chakula ulipunguzwa mwaka 2023. Ukitaka kujua nyumba imekula nini, mwulize mama, nyumbani kwake, baada ya salamu kamili, ukianza na walichokunywa walipoamka na kufuata saa zote 24, na kalamu ikae mfukoni mpaka mazungumzo yamekolea.

2. Mfundishe mtoto yale yaliyo mikononi mwake.

Mtoto hanunui nyama, lakini ananawa kwenye kibuyu chirizi, anachuma mapera, anamwagilia lengalenga (aina ya mchicha, wenyeji huziita dodo) nyuma ya nyumba, anamlisha mdogo wake uji, na akiwa na sarafu ya shilingi 500 anaamua mwenyewe langoni. Hapo langoni pana hadithi. Mwenzetu mmoja mpya aliwaambia watoto kwamba mandazi ni sumu, na muuza mandazi alikuwa bibi wa mtoto wa darasa lile lile, akilipa daftari zake kwa beseni lile lile. Bibi alifika kwa mwalimu mkuu, beseni kichwani, akataka aonyeshwe maiti hata mmoja. Tulimwomba radhi, tukamwalika darasani, na siku hizi anauza karanga za kuchemsha kando ya mandazi. Karanga ndizo huisha kwanza, na sumu bado inauzwa, watoto wakiwa hai.

3. Onyesho la upishi lipikwe kwa vitu vya soko la hapa na vya mgao wa mwezi huo, si kwa karoti ulizozibeba kutoka mjini Mbarara.

Kitobero mlichojifunza, ambacho kituo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago kimekifundisha kwa akina mama vizazi na vizazi, ni ndizi, maharage au karanga, mukene (dagaa) uliotwangwa na mboga za majani, vyote vikapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Ni chakula kizuri sana. Hata hivyo, mama wa Kikongo akikuwekea mbele sombe, yaani majani ya muhogo, iliyoungwa kwa karanga na dagaa, usimkatize ili umfundishe kitobero. Mpe nafasi yeye afundishe, nawe uongeze tu jinsi ya kuilainisha kwa mtoto wa miezi saba.

4. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyompatia Mganda mwenzetu Robert Mwanga sehemu ya Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, vipewe watoto pamoja na mafuta kidogo au karanga za kusaga, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Mtoto akikitema mara ya kwanza usiandike kwamba hakipendi, maana huenda akahitaji kuonja mara kumi.

5. Chai isinywewe pamoja na maharage, kwa kuwa huzuia madini ya chuma. Pera lililoiva huyasaidia yaingie mwilini.

6. Karanga zenye ukungu hazitengwi kwa ajili ya mchuzi, wala hazipewi kuku. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha.

7. Aprili na Oktoba, siku za afya ya mtoto, acheni masomo yote mhakikishe wadogo wamefika kupata vitamini A na dawa za minyoo.

8. Bango la ofisini lina picha ya tufaha na brokoli. Lifunikeni nusu ile kwa karatasi, watoto wachore fenesi, papai na lengalenga. Zikikosekana kalamu za rangi, majani ya lengalenga yakisuguliwa kwenye karatasi hutoa kijani kizuri.