Skripti kukataliwa kufungua /dev/ttyUSB0
Skripti yako ya Python ikipata "Permission denied" (umenyimwa ruhusa) inapofungua /dev/ttyUSB0, yaani faili la Linux linalowakilisha kifaa cha serial kilichochomekwa kwa USB, skripti haina kosa, shida ni kundi: akaunti yako haimo kwenye kundi la watumiaji linaloruhusiwa. Kwa Ubuntu na Debian faili hilo ni la root na kundi la dialout (angalia mwenyewe kwa ls -l /dev/ttyUSB0). Andika sudo usermod -aG dialout $USER, kisha toka kabisa kwenye akaunti na uingie upya. Kufungua terminali nyingine hakutoshi. Hiyo -a usiisahau hata kidogo, ukiisahau utajikuta umetolewa kwenye makundi mengine, likiwemo sudo linalokupa uwezo wa msimamizi. Kwa Arch (Linux ya aina nyingine) kundi ni uucp. Chmod 666 (kumpa kila mtu ruhusa ya kusoma na kuandika faili) achana nayo: ukichomoa kifaa na kukichomeka tena, faili linaundwa upya na ruhusa zinarudi zilivyokuwa.