Mzee wako ni fundi na anataka kuandika? Aanzie kwenye ufundi wake

Mwanangu mleta uzi, nimesoma maelezo yako yote. Baba yako kastaafu mwaka jana, ni fundi umeme, anapiga kinanda kanisani, analima, na sasa anasema anataka kuandika kitabu na kurudi darasani. Ndugu zako wanaona mzee kachanganyikiwa, wanataka mafao yaende kwenye nyumba ya wageni. Unauliza kama wazo lake lina maana na aanzie wapi. Maana linayo, tena kubwa. Mimi nimeipita njia hiyo hapahapa Kigoma, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Nilistaafu kwa lazima nilipotimiza miaka 60, baada ya kazi ya ufundi mitambo, bandarini na melini. Nje ya kazi nilikuwa natengeneza redio pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, nafundisha vijana mpira, na nina shamba la michikichi. Na mimi niliambiwa kwamba mwenye mambo mengi hawezi kutulia akaandika. Siamini hivyo hata kidogo. Mtu aliyeshika kazi nyingi ana mambo ambayo hayajawahi kuandikwa na yeyote, na akianza kuyaandika atakwama mahali. Hapo anapokwama ndipo pa kusomea. Ndiyo maana nasema mzee asianze kwa kutafuta kozi. Aandike kwanza, na maandishi yenyewe yatamwambia asome nini.

Nikupe mfano wa MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Huku kwetu kila kijiwe kina hadithi yake kuhusu meli hii. Mimi nilikua nikisikia kwamba Waingereza ndio walioipiga mizinga ikazama. Nilipotaka kuandika kurasa chache juu ya injini za meli za ziwa letu, nikaona siwezi kuandika "nasikia". Nikaenda maktaba ya mkoa, nikaomba vitabu, nikauliza, nikasoma.

Kumbe ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi wakaiunga hapahapa kwetu, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliizamisha wenyewe karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba.

Kwenye vitabu, ile grisi inatajwa kwa sentensi moja tu na mwandishi anaendelea na vita. Mimi sikuweza kuendelea. Nilikaa nayo wiki nzima, kwa sababu naijua. Kutu inakula chuma pale maji na hewa vinapokigusa kikiwa kitupu. Ukikipaka grisi nzito, ukaijaza kila pembe, kila kiungo, kila sehemu iliyochongwa ikalainishwa, umeyafungia maji nje. Nimewahi kufungua mashine iliyolazwa miaka mingi stoo: unachukua kitambaa, unakilowesha mafuta ya taa, unapangusa shafti taratibu. Grisi inatoka nyeusi kama lami, na chini yake chuma kinang'aa, alama za aliyekichonga bado zinaonekana. Kwa hiyo nikaandika nilichokielewa: fundi anayepaka grisi injini anayokwenda kuizamisha ana nia ya kuirudia. Asiyetaka tena meli anavunja mitambo kwa nyundo, hahangaiki na grisi.

Hicho ndicho ambacho mzee wako anacho na wengine hatuna. Fundi umeme aliyefanya kazi miaka yote hiyo kajaa vitu vya namna hiyo, na siku akiondoka vinaondoka naye.

Sasa kuhusu kusoma. Mimi niliishia darasa la saba, nikapanda kwa tredi testi, yaani mitihani ya ufundi, mpaka gredi ya kwanza. Nilipoingia kwenye historia ya ile vita, nikaona msingi wangu mdogo. Nikajiunga na darasa la jioni, nikafanya Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, ambao ukifaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikaa na vijana wa umri wa wajukuu zangu. Hisabati nilikuwa nawasaidia, maana vipimo ndiyo kazi yangu. Kiingereza wakanisaidia wao. Usiwaze kwamba mzee ataona aibu. Aibu inaisha mwalimu akianza kuandika ubaoni. Kama baba yako ana kidato cha nne au zaidi, aulizie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kina vituo mikoani, hapa Kigoma kipo, kwa hiyo hana haja ya kuhamia Dar wala kuacha kinanda chake.

Mafao yasiwatie hofu. Kuandika kunataka kaunta buku, kalamu, miwani mizuri, na simu inayorekodi sauti kwa siku ambazo mkono umechoka. Penye hatari ni kuchapisha. Asitoe mkupuo wake wa mafao kumpa mtu wa kumchapia maelfu ya nakala atakazozilundika chumbani. Apeleke mswada kwa mchapishaji anayebeba gharama mwenyewe, na kama anatunga riwaya au mashairi, afuatilie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Nyumba ya wageni ni biashara halali, sina ugomvi nayo, ila fedha ni jasho lake, na yeye ndiye wa kuamua.

Mama yako naye msimwache pembeni. Maandishi yangu yalipokua, nikafika sura ya mawese, nilidhani naijua, shamba si langu? Mke wangu aliisoma akaniambia nimeruka nusu ya kazi: kuchemsha, kutwanga, kukamua, kutenga mise, yaani kokwa za ndani, za kukamuliwa mafuta yake peke yake. Ile sura sasa ni yake, mimi niliandika tu alichosema.

Fanya hivi jioni hii. Mwombe mzee aeleze kwa maandishi kazi moja aliyowahi kuifanya, mwanzo hadi mwisho, kwa kijana ambaye hajawahi kushika waya. Halafu msomee kwa sauti. Kila unapomuuliza swali akashindwa kujibu, aweke alama pembeni ya ukurasa. Hizo alama ndizo masomo yake ya miezi ijayo. Akiridhia, tuletee hapa ukurasa wa kwanza tuusome.