Kwa mnaoanza kazi ya usikivu: mgonjwa asikie kwanza, ndipo aelezwe

Mnaoanza kazi kwenye kliniki za usikivu, kuna jambo moja ambalo hakuna mashine itakayowaonyesha. Mgonjwa mtu mzima anapoketi mbele yetu, mara nyingi ndipo anaposikia kidogo kuliko siku nzima. Tumemvua kifaa chake cha kusaidia kusikia ili tumchungulie sikio, au tumekiunganisha na kompyuta tukirekebishe. Dakika hizohizo ndizo tunazotumia kumpa majibu, macho kwenye skrini na barakoa usoni. Yeye anaitikia tu: "Sawa daktari. Ndiyo mwanangu."

Hiyo "ndiyo" msiiamini. Wazee wetu wamelelewa kutomsumbua anayewahudumia, na mtu ambaye usikivu wake umepungua kwa miaka mingi amezoea kuitikia kwa kusoma uso. Ukimuuliza kama ameelewa, atasema ameelewa. Muulize hivi: "Mzee, mjukuu akikuuliza daktari kasemaje, utamjibuje?" Kisha mrudishie kifaa mkononi, atoe betri na kuirudisha mbele yako, akivae mwenyewe. Hapo ndipo utagundua kwamba vidole vina ganzi ya kisukari, au macho hayatofautishi alama nyekundu ya sikio la kulia na ya buluu ya kushoto. Maelezo yako yote yalikuwa hayajamfaa kitu.

Uziwi wa uzeeni kwa kawaida huanzia kwenye sauti nyembamba, kuanzia hezi 2,000 kwenda juu. Irabu zina nguvu, anazisikia. Zinazompotea ni s, f, t, sh. Ndiyo maana wengi huingia wakisema, "Nasikia watu wanaongea, ila sielewi wanasema nini." Chukua "sita" na "tisa": irabu ni zilezile kwa mpangilio uleule, kilichobadilishana nafasi ni s na t tu. Mwambie mama arudi saa tisa, naye anaweza kufika saa sita na kukaa kwenye benchi mpaka alasiri. Tarehe na saa ziandikwe kwenye kadi, kwa herufi kubwa.

Wala msipige kelele. Ukipaza sauti unakuza irabu na kuupinda mdomo, konsonanti zinabaki palepale, na wengi wao sauti ikizidi kidogo tu huwaumiza. Ongea kama kawaida, polepole kiasi, karibu naye, mwanga ukuangukie usoni. Neno likimpita, lisemeni kwa namna nyingine badala ya kulirudia vilevile mara ya nne.

Halafu kuna mtoto wake aliyemsindikiza. Anajibu haraka, na foleni ni ndefu, kwa hiyo mazungumzo huhamia kwake. Hili nalipinga kwa moyo wote. Mtu mzima aliyelea familia anageuzwa mzigo uliobebwa kuletwa hospitali. Mkalishe mtoto upande wako, ili mzee awaone wote wawili kwa pamoja, na swali liende kwa mzee mwenyewe, shikamoo ikitangulia. Mtoto atakufaa baadaye, kwa kuwa sauti yake ndiyo mzee anayotaka kuisikia.

Kabla ya kupima, uliza anashindwa wapi. Audiogramu, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo cha usikivu, itakuambia desibeli 55. Haitakuambia kwamba ameacha kwenda barazani, au kwamba hotuba ya Ijumaa humpita yote. Anza kurekebisha kifaa kwa kulenga hapo.

Na mwambieni mapema, kabla hajakivaa: sauti yake mwenyewe itavuma kichwani, sahani zitagongana kwa kero, sokoni patachosha, na ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Aanzie nyumbani, saa chache kwa siku. Asiyeambiwa haya hudhani kifaa ni kibovu na kukifungia kabatini. Mpangieni siku ya kurudi kabla hajatoka, na akija na malalamiko yapokeeni kwa furaha, mumwache amalize kuyaeleza, kwa sababu ndiyo yatakayowaonyesha pa kurekebisha.