Kusoma Uhusiano wa Kimataifa: Mmeuliza, Tunajibu

Nikimaliza shahada hii nitakuwa balozi?

Huenda, lakini usiisome kwa ajili hiyo tu. Balozi huteuliwa na wakuu wa nchi yake, na wapo wanaotokea jeshini, kwenye siasa au biashara bila kukanyaga darasa la diplomasia. Mhitimu huanzia chini wizarani: kuandika taarifa, kupanga vikao, kupokea wageni. Wengi huishia kwingine kabisa, kwenye mashirika ya misaada, habari, utafiti au forodha, na wala si kwamba wamefeli.

Ina tofauti gani na sayansi ya siasa?

Ni ndugu. Sayansi ya siasa hushughulika zaidi na ya ndani: vyama, uchaguzi, bunge. Hii yetu huanzia mpakani. Kiti cha kwanza cha uprofesa wake kilianzishwa Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, watu wakiwa bado wanajiuliza Vita Kuu vilianzaje.

Niko mwaka wa kwanza na nadharia zinanichosha. Zina kazi gani?

Zinachosha ukizikariri kama orodha. Zipe kisa. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mwaka 1870, 1914 na 1939. Leo unavuka mpaka wao kwa baiskeli. Kwa nini? Mwanauhalisia, anayeona nchi huongozwa na nguvu na hofu, atakwambia hazikupatana kwa mapenzi: zilimhofia Msovieti, na Marekani ilikuwa imezikingia kifua. Mliberali, anayeona biashara na taasisi za pamoja huleta amani, atakuonyesha mkataba wa 1951 ulioweka makaa ya mawe na chuma vya nchi sita chini ya mamlaka moja, hata vita vikawa hasara kwa kila upande. Wa tatu, mkonstraktivisti, anayeona mawazo ya watu ndiyo hujenga siasa za dunia, atasema kilichobadilika ni namna Mfaransa anavyomtazama Mjerumani. Mimi naona wa kwanza na wa pili wanaelezea miaka ya mwanzo vizuri, ila bila huyu wa tatu huelewi kwa nini amani ilidumu hata Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991. Wewe unaweza kubisha, na kubisha huko kwa ushahidi ndiko mhadhiri anakotafuta kwenye insha yako.

Nijifunze lugha gani?

Umoja wa Mataifa una lugha rasmi 6: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Usichague kwa umaarufu. Chagua kwanza eneo la dunia unalotaka kulijua, lugha itafuata yenyewe. Na anza muhula wa kwanza, maana mwaka wa mwisho tasnifu haitakupa nafasi.

Nilikimbia hesabu. Nitakutana nazo tena?

Takwimu, ndiyo. Usizikwepe, anayejua kusoma jedwali la biashara kati ya nchi mbili hakosi wa kumhitaji.

Umoja wa Mataifa huajiri vijana wasio na uzoefu?

Upo mpango wa wataalamu vijana wenye mtihani. Uwe na umri usiozidi miaka 32, shahada ya kwanza, Kiingereza au Kifaransa fasaha, na uraia wa nchi inayoshiriki mwaka huo. Orodha ya nchi na fani hubadilika, kwa hiyo itazame kila mwaka. Kufaulu hukuweka kwenye orodha ya kusubiri nafasi, hakukupi kazi papo hapo. Na Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira: anayekuomba pesa ya fomu ni tapeli.