Kabla ya kutia sahihi wosia, uliza shahidi ni mume wa nani

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya ukarani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na wazee wakija kutia sahihi wosia huwauliza jambo moja kabla kalamu haijatoka: hawa mashahidi mliokuja nao, wameoa nani, wameolewa na nani? Wengine hucheka. Wengine huniona mmbea.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981, inataka mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima wenye akili timamu. Kinachowaponza watu ni kifungu cha 13: ukimwachia mali shahidi, au mume au mke wa shahidi, zawadi hiyo ni batili. Wosia wenyewe haufi. Wengine wote wanapata vyao, ila huyo mmoja.

Mzee mmoja wa Mikindani, Mkristo, alimwandikia bintiye nyumba ya kupangisha. Mashahidi wakawa jirani na mkwewe, mume wa binti huyohuyo, kwa vile ndiye aliyekuwapo sebuleni siku hiyo. Mkwe mwenyewe hakuandikiwa hata kijiko. Mzee alipofariki, kaka mtu akaleta wakili, na kwa kuwa wosia ulisema mali yote iliyobaki ni yake, nyumba nayo ikaingia humo. Lau wosia ungenyamaza kuhusu mabaki, nyumba ingegawanywa kana kwamba haikuandikiwa wosia. Ilibaki njia ya kifungu cha 26, mtoto kuiomba mahakama imtengee fungu, lakini ombi hilo lazima lifike kabla ya hati ya usimamizi, ile ya mahakama inayompa mtu ruhusa ya kusimamia mirathi, kuthibitishwa, na fungu lenyewe hupimwa na jaji. Matakwa ya mzee hapo ni jambo moja tu kati ya mengi.

Kwa nini watu huita mkwe? Naona ni hofu ya siri kutoka nje. Hofu hiyo haina msingi, maana shahidi hashuhudii yaliyoandikwa, anashuhudia sahihi yako. Funika karatasi, acha sehemu ya kutia sahihi tu. Jirani wa ghorofa ya chini atatia yake bila kujua kama una shamba Kilifi au madeni matupu.

Si lazima mashahidi wawe pamoja kwa wakati mmoja. Kila mmoja akuone ukitia sahihi, au umwambie kwa kinywa chako kwamba hiyo ni yako, kisha atie yake mbele yako. Mimi bado napenda wakae meza moja. Kesi zikija hakuna maneno mengi. Msimamizi uliyemtaja kwenye wosia anaweza kushuhudia, ila kama naye ameachiwa kitu tunarudi kulekule.

Sheria imeacha mlango mmoja: zawadi husimama iwapo wosia umeshuhudiwa pia na wengine wawili wasioachiwa chochote, wala wake au waume zao. Ni mlango wa dharura. Kama unao muda wa kutafuta hao wawili, kwa nini usiwatumie hao tu?

Wenye jamaa Uingereza wajue mtego huu uko huko tangu Sheria ya Wosia ya 1837, kifungu cha 15, na kule mashahidi wote wawili lazima wawepo pamoja. Katika kesi ya Ross v Caunters, iliyoamuliwa 1979, mawakili waliagizwa kumfidia mwanamke aliyekosa zawadi yake kwa sababu mumewe alikuwa shahidi na wao hawakumwonya mwenye wosia.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mitaa yetu ya Mji wa Kale, Sura ya 160 haiwahusu katika hili. Wao wana theluthi yao, yaani fungu la mali wanaloweza kuliusia, ambayo haiandikiwi mrithi, na wana kadhi. Wamuulize yeye, si mimi.

Ukiufungua wosia wako leo ukakuta jina la mkwe pale chini, usilikate jina hilo kwa wino wala usibandike sahihi mpya pembeni. Andika wosia mwingine, useme waziwazi kwamba unafuta wa kwanza, utafute mashahidi wa nje. Wa zamani uuchane baada ya mpya kukamilika sahihi zote, si kabla.