Jibu: Kuongoza wageni kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa siku moja

Habari ndugu. Umeuliza utafanyaje: kampuni imekupangia mbuga ya Ziwa Nakuru asubuhi na mashua Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria pale Kisumu, jioni, nawe ndiye kiongozi wa msafara kwa mara ya kwanza.

Kwanza kabisa, angalia kama kiingilio kimelipwa. KWS, shirika la serikali linalosimamia mbuga, hawachukui pesa taslimu langoni, malipo hupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na mtandao ukisumbua pale wageni wote wanakukodolea macho wewe. Lipa jana yake, risiti iwe kwenye simu.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ingieni mapema, mtoke kabla ya saa tano, kwa sababu jua la Kisumu huzama kama saa kumi na mbili unusu na malori ya kuelekea Mau Summit, njia panda ya kwenda Kericho, ndiyo yanayopanga mwendo, si dereva wako. Chakula cha mchana, Kericho.

Kinachoharibu siku hasa ni heroe (flamingo). Wageni wameona zile picha za ziwa lote la waridi, ilhali maji yalipopanda ndege wengi walihamia Ziwa Bogoria. Waambie usiku wa kuamkia safari, tena waziwazi, halafu uwaeleze habari za vifaru, ambao ndio fahari ya mbuga ile. Mgeni akijionea mwenyewe ziwa tupu atanuna hadi Kisumu, na ana haki.

Mwenye mashua mpigie mkiwa Kericho. Muulize jaketi za kujiokolea zinatosha watu wote? Akisitasita, tafuta mwingine.