Maswali ya wasomaji: Fundi kasema kioo cha milimita 5 kinatosha tangi la samaki

SWALI: Shikamoo anko. Niko Tabata, nimehamia nyumba yenye sebule kubwa nataka niweke tangi la samaki la futi 4, yani urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50. Dukani nikiulizia bei natoka kimya kimya. Sasa fundi aluminiamu wa mtaani kasema atanitengenezea kwa vioo vya milimita 5 vilivyobaki kwenye madirisha ya mtu, likikamilika Jumamosi naweka samaki siku hiyo hiyo maana watoto wameshanichosha kuuliza. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba mjomba. Fundi mwambie asubiri kwanza. Hilo tangi likijaa ni lita 300 na lita moja ya maji ni kilo moja, weka kioo chenyewe kama kilo 60, mchanga na mawe, unapita kilo 400 hapo, sawa na wanaume sita wamekaa sebuleni kwako usiku na mchana. Milimita 5 ni ya dirisha. Kwa kimo cha sentimita 50 weka milimita 10, na juu fundi agundishe mikanda ya kioo ili ubavu usitune. Ukitaka kubana hela shusha kimo, sio urefu, maana kinachosukuma kioo ni kina cha maji, kwahiyo kimo cha 40 unaweza kutumia milimita 8 yenye mikanda na bado unabaki na tangi refu la kupendeza. Vioo vya mitumba vya maduka na maofisi yaliyovunjwa vipo, ila angalia kona, kikiwa na muhuri ujue kimechomwa, hicho hakikatiki, fundi akipitisha almasi kinamwagika chote kama chumvi.

Silikoni chukua ile inayonuka siki, na isiwe ya bafuni yenye dawa ya kuvu, hiyo inaua samaki. Ikishagundishwa iache wiki nzima. Halafu usiliingize ndani bado! Liweke uani sehemu iliyonyooka, tandika magazeti makavu chini, jaza maji siku tatu. Gazeti likilowa utaona doa kabla hata tone halijaonekana kwenye kioo, mi la kwangu la kwanza lilivuja kona moja nikashukuru halikuwa juu ya kapeti la mama watoto.

Stendi ya chuma ya nini, panga tofali za nchi 6, juu plaiwudi nene, juu yake lile povu jeupe linalokuja na boksi la tivii, ukutani mbali na dirisha la jua sababu maji yatakuwa ya kijani. Pima na pimamaji, ikilala upande mmoja rekebisha tofali, usitie vikaratasi. Mchanga wa mto wa kujengea unatosha, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Mawe okota ila yadondoshee siki, likitoa mapovu lina chokaa, ila kwa gapi, wale samaki wadogo wa rangi, halina shida.

Pampu ya hewa na spongi mbili ndo filta yako, rahisi kuliko zote. Pampu ikae juu kuliko maji, la sivyo umeme ukikatika maji yanarudi kwenye mpira mpaka sakafuni. Na waya uache ushuke chini ya soketi kwanza ndo upande, tone likitiririka lidondoke hapo.

Sasa hiyo Jumamosi yako ndo itaua samaki. Mi niliweka magapi 12 siku ya kwanza, ya tano nikabaki na wawili wanahema juu juu. Kinyesi chao kinatoa amonia, hiyo ni sumu kwao, na bakteria wa kuila hawajazaliwa bado kwenye spongi, wanachukua wiki 4 mpaka 6. Maji ya bomba yakae siku nzima klorini itoke, washa pampu, tia punje chache za chakula zioze, na kama kuna mtu anafuga muombe spongi yake chafu uikamulie kwenye tangi lako, wiki zinapungua. Baada ya hapo anza na samaki wachache, na spongi siku zote isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi, ukiosha bombani unaua bakteria wako mwenyewe. Watoto waambie tunafuga maji kwanza.

SWALI: Anko mi niko Mbeya, nataka samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, hita ya kupasha maji ni lazima? Na sato naweza kumfuga humo?

JIBU: Dar hita sio lazima ila kwako mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi kweli, hao samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa wanataka nyuzi 24 mpaka 26, kadiria wati moja kwa lita. Sato hapana. Utamnunua kama kidole, kabla mwaka haujaisha anageuka kwa shida, mchanga wote kaufukua na wenzake kawala. Huyo ni wa bwawani, au wa nazi.